Daftari la maneno, kadi, redio au mtu wa kuongea naye: ipi itakufaa kwa Kiingereza cha kila siku?

Siku moja nilipiga simu kwenye ofisi fulani, nikamtaja mtu niliyekuwa namtafuta, na sauti ya upande wa pili ikanijibu: “Hold on a second, I'll put you through.” Maneno manane, na yote yalikuwamo kwenye daftari langu. “Hold” ni kushika, “on” ni juu ya, “second” ni sekunde, “put” ni kuweka, “through” ni kupitia. Nikayajumlisha harakaharaka: shika juu ya sekunde, nitakuweka kupitia. Kimya kikatanda, nami nikakata simu nikiamini nimefukuzwa kistaarabu. Kumbe niliambiwa nisubiri kidogo niunganishwe.

Daftari lile nililijaza kwa zaidi ya mwaka. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, kila siku maneno kumi. Lenyewe halikuwa na kosa; mimi ndiye niliyelipeleka kwenye kazi isiyo yake. Tangu hapo, mtu akiniuliza njia ipi ni nzuri ya kujifunza Kiingereza cha kila siku, humuuliza kwanza anakwama wapi. Kuna anayekwama kwa sababu neno halimjii. Kuna ambaye neno analo, ila likitamkwa na wenye lugha halitambui. Na kuna anayesikia na kuelewa vizuri, jibu analo kichwani, lakini mdomo haufunguki. Hawa ni wagonjwa watatu tofauti, na dawa ya mmoja humpotezea mwenzake muda. Njia ninazozilinganisha hapa nimezipima kwa hao watatu.

Neno mojamoja au kifungu kizima?

Wanaotetea orodha za maneno wana hesabu upande wao. Maneno 100 tu yanayotumika zaidi hubeba karibu nusu ya maandishi yoyote ya Kiingereza utakayoyafungua. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ambayo walimu waliitegemea kwa miongo kadhaa, na mwaka 2013 Charles Browne na wenzake wawili wakatoa orodha mpya ya maneno kama 2,800 ambayo kwa hesabu yao yanagusa zaidi ya asilimia 90 ya maandishi ya kawaida. Kusoma riwaya bila kushika kamusi ni habari nyingine: mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba panahitajika jamii 8,000 hadi 9,000 za maneno, yaani neno na vizazi vyake, kama “play”, “plays” na “player”, vikihesabiwa jamii moja. Ukiziweka hesabu hizi pamoja, maneno 2,800 ni kilima cha kupanda na kushuka, si mlima.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye maneno mafupi. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chepesi cha maneno 850, na ndani yake vitenzi vilikuwa 18 tu: “come”, “get”, “give”, “go”, “put”, “take” na ndugu zao. Inavutia, mpaka ugundue kwamba mzigo haukupunguzwa, umehamishiwa bega la pili. Ukiliondoa “surrender”, nafasi yake inashikwa na “give up”. Ukiliondoa “recover”, unaletewa “get over”. Ukiliondoa “tolerate”, linakuja “put up with”. Kwenye hesabu ya orodha, “put”, “up” na “with” ni maneno matatu ya kwanzakwanza ambayo umeshayajua. Kwenye masikio yako ni neno moja jipya ambalo hujawahi kulisikia.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili kwa sababu analo nyumbani. Mfundishe mgeni kwamba kupiga ni kumchapa mtu, kisha umwambie apige pasi, apige mswaki, apige hodi, apige picha na apige magoti. Atatafuta fimbo. Sisi hatukujifunza “piga” leo na “pasi” kesho. Fungu zima liliingia pamoja. Sasa, “get”, “take”, “make” na “put” ndizo piga za Kiingereza. Kwenye “take a shower” hakuna kinachochukuliwa, na kwenye “make the bed” hakuna seremala.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: majina ya vitu yajifunze mojamoja, vitenzi usivijifunze hata siku moja bila kifungu chake. Kijiko ni “spoon”, hakina ujanja wowote. Lakini “get” likikaa peke yake kwenye daftari ni wino uliomwagika. Badala yake andika “get up”, “get dressed”, “get home”, “I don't get it”. Andika pia “get on the bus” karibu na “get in the car”, uone kwa jicho lako kwamba chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, huchukua “on”, na gari dogo huchukua “in”. Orodha ya maneno haitakuonyesha hilo hata uikariri yote.

Tazama jinsi daftari la maneno linavyomponza mtu mwenye akili zake:

| Unachotaka kusema | Ukitafsiri neno kwa neno | Wenyewe husema |
|---|---|---|
| Naomba maji | I am asking for water | Could I have some water, please? |
| Nasikia njaa | I hear hunger | I'm hungry |
| Nina miaka thelathini | I have thirty years | I'm thirty |
| Kulikuwa na mvua kubwa | There was big rain | It was raining heavily |
| Umepotea sana! | You are very lost! | I haven't seen you for ages! |

Safu ya katikati si ujinga. Ni daftari likifanya kazi sawasawa na lilivyoelekezwa.

Kadi: za karatasi au za kwenye simu?

Mgonjwa wa kwanza, yule ambaye neno halimjii, dawa yake ni kadi, zile zenye swali mbele na jibu nyuma, na hapa nasimama bila kutikisika. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya dakika, saa na siku. Aliona kwamba mtu hupoteza sehemu kubwa mapema sana, ndani ya saa za mwanzo, halafu kusahau kunapungua kasi. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwenye siku kadhaa hushinda marudio mengi ya kikao kimoja. Ukikesha na maneno 100 usiku mmoja, unamimina maji kwenye pakacha.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliligeuza jambo hilo kuwa kisanduku chenye vyumba vitano. Kadi mpya huanza chumba cha kwanza, kinachorudiwa kila siku. Ukiipata inahamia cha pili, kinachorudiwa kwa nadra zaidi, na hivyohivyo mpaka cha mwisho. Ukiikosa, hata kama ilishafika chumba cha nne, inarudi mwanzo. Uzuri wake ni kwamba yale unayoyajua hayakusumbui na yale yanayokutoroka unakutana nayo kila asubuhi. Anki, programu iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006 na ambayo jina lake ni neno la Kijapani la kukariri, inafanya kazi hiyohiyo kwa hesabu za kompyuta. Kwenye kompyuta na simu za Android ni ya bure. Kwenye iPhone unalipia.

Nimetumia zote mbili. Karatasi ina faida ambayo watu wa simu huidharau: unaiandika kwa mkono wako, na kile kitendo cha kuandika ni somo la kwanza. Haikuletei arifa za mambo mengine wala haiishiwi chaji. Lakini haina sauti, na zikifika 300 unaanza kubeba tofali. Anki inaweka sauti, inakumbuka tarehe kwa niaba yako, na kadi 3,000 zinakaa mfukoni. Ubaya wake ni deni. Imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, na baada ya wiki chache hizo huzaa marudio zaidi ya 100 kila siku. Ukisafiri wiki moja, unarudi kukuta mlima, unaangalia, unafunga programu, na huo ndio mwisho wa Kiingereza chako. Mpangilio wa kwanza ninaomwambia mtu abadilishe ni huo: weka kadi mpya saba. Ni chache kiasi cha kukuudhi, na ndiyo maana utafika mbali.

Karatasi au simu, kadi mbovu ni mbovu popote. Chukua “borrow” upande mmoja na “azima” upande wa pili. Kiswahili chetu humwachia mtoaji na mpokeaji kitenzi kimoja: “niazime kalamu” na “nimeazima kalamu”. Kiingereza kinawatenga: anayepokea “borrows”, anayetoa “lends”. Kadi yenye neno tupu itakufanya umwambie mtu “Can you borrow me your pen?” na kila mtu atakuelewa na kila mtu atatabasamu. Kadi nzuri ina hali nzima: mbele, “Naomba uniazime kalamu yako”, nyuma, “Can I borrow your pen?” Kisha nyingine ya kitenzi cha pili: “Can you lend me your pen?” Cha ajabu ni kwamba kwenye fedha sisi ndio tunaotenganisha, kukopa na kukopesha, lakini Kiingereza kinabaki na wale wawili wake.

Kadi nyingine ambayo huwa sikosi kuipendekeza ni ya saa. Mbele: “saa mbili kasorobo usiku”. Nyuma: “quarter to eight in the evening”. Fanya ishirini za aina hiyo, upaze sauti, mpaka zile saa sita za tofauti zisikulazimishe kuhesabu kwa vidole. Wapo wanaozungumza Kiingereza cha kupendeza na bado hupotea kwenye miadi kwa sababu ya hili tu.

Mgonjwa wa tatu, mwenye mdomo mzito, kadi zitamfariji na hazitamponya. Ataongeza maneno kwenye ghala ambalo mlango wake haufunguki.

Programu za michezo na nyota

Nitapita hapa haraka. Kuna zile programu zinazokupa picha nne uchague moja, nyota zikimwagika, na moto wa siku mfululizo. Niliwahi kufikisha siku zaidi ya 200 kwenye mojawapo, nyingi zikiwa za kubonyeza kitandani nikiwa nusu usingizini ili moto usizimike, nikitafsiri sentensi za tembo anayesoma gazeti. Kulitambua jibu likiwa mbele yako kati ya manne ni kazi tofauti kabisa na kulitoa kichwani pasipo cha kukusaidia, na maisha hayakupi machaguo manne. Kwa anayeanza sifuri, wiki sita za mwanzo ni nzuri, hasa kama kukaa kitako kunamshinda. Baada ya hapo ni mazoea tu.

Kamusi ya lugha mbili au ya Kiingereza kitupu?

Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inakupa ufunguo mara moja, na kwa majina ya vitu haina mpinzani. Inachoficha ni mipaka. “Mkono” wetu ni “hand” na ni “arm”. “Mguu” ni “foot” na ni “leg”. “Kidole” ni “finger” kikiwa mkononi, “toe” kikiwa mguuni, na gumba la mkono lina jina lake, “thumb”. Ukimwambia daktari “my leg hurts” wakati kinachouma ni unyayo, umempeleka kwenye nyonga.

Kamusi za wanafunzi zilizoandikwa kwa Kiingereza kitupu zinatisha kwa jina tu. Ile ya Longman, tangu toleo la kwanza la 1978, imekuwa ikieleza maneno yake kwa kutumia msamiati wa maneno kama 2,000, kwa hiyo aliyeshika ile orodha ya mwanzo anaweza kuisoma. Faida yake kubwa kwangu si maana, ni majirani wa neno. Huko ndiko utakapokuta kwamba kosa “hufanywa” kwa “make”, vyombo vya kuoshwa kwa “do”, na kwamba uamuzi ni “make a decision”. Tovuti za Longman, Cambridge na Oxford za wanafunzi zinasomeka bure na zina sauti za Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani.

Mashine za kutafsiri? Kwa kuelewa barua uliyoletewa, sawa. Kwa kujifunzia, hapana. “Anapika” yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Mashine mara nyingi inakuchagulia “he” au “she” bila kukuuliza.

Kusikiliza: polepole, kwa kasi, au kwa wimbo?

Mgonjwa wa pili ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu ameshafanya kazi kubwa na haioni faida. Kiswahili kina irabu tano, zinazotamkwa vilevile kila zinapotokea. Kiingereza cha kawaida cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, ukihesabu zile za kuteleza kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo “cat”, “cut” na “cart” zinaingia masikioni mwetu kwa mlango mmoja. Vivyo hivyo “ship” na “sheep”, “full” na “fool”. Mkazo nao: sisi tunaukaza silabi ya pili kutoka mwisho na hatuna shaka, wao wanaurusha huku na huku. “Photograph” mkazo uko mwanzo, “photographer” umeruka kwenye silabi ya pili, “photographic” umefika ya tatu. Aliyejifunza kwa macho tu anadhani amesikia maneno matatu yasiyojuana.

Halafu kuna kumeza. “Comfortable” inayoonekana na silabi nne husikika kama “kamftabo”. “Wednesday” haina “d” ya kwanza. “What do you want to do?” kwenye mdomo wa mtu aliyechoka ni kitu kimoja kirefu kama “wodayawonadu”. Kanuni ninayoishikilia: neno lolote unaloliandika lisikilize siku hiyohiyo. Jicho likiachwa litangulie wiki, linajenga matamshi yake ya uongo, na kuyabomoa ni kazi kuliko kuanza upya.

Sasa uchaguzi. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi, yenye msamiati wa maneno kama 1,500 na kusomwa kwa theluthi mbili ya kasi ya kawaida. BBC yenyewe ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Vipindi vya namna hii vimewainua watu wengi, na kwa mtu anayesikia Kiingereza kama mvua juu ya bati, kuanza hapo ni busara. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, msamiati wa habari ni wa uchaguzi, bunge na uchumi. Mtu anaweza kuelewa taarifa nzima na bado asijue kusema “nipitishie chumvi”. Pili, mtu anayesoma polepole hutamka kila neno kamili, kwa hiyo kile kilichokushinda, yaani kumeza, hukutani nacho kabisa.

Ndiyo maana mimi napendelea maongezi ya kweli yaliyopunguzwa kasi kuliko usomaji wa polepole. Chukua podikasti ya watu wawili wanaopiga soga, au kipande cha mchezo wa kuchekesha wa kifamilia, ushushe kasi hadi 0.75. Maneno bado yamemezwa vilevile, ila unapata nafasi ya kuona yamemezwaje. Michezo ya kifamilia ina utajiri ambao hotuba hazina: watu wanagombana, wanaombana radhi, wanaitana mezani, wanaagana mlangoni. Nyimbo, pamoja na raha yake, naziweka mwisho. Mtunzi huvuta silabi zifuate muziki na huvunja sarufi apate vina, na wewe unabaki na mkazo usiotumika popote isipokuwa jukwaani.

Kuhusu maandishi yanayopita chini ya picha: yakiwa ya Kiswahili unajifunza hadithi, yakiwa ya Kiingereza unajifunza Kiingereza, yakiondolewa unajipima. Usikae kwenye hayo ya kwanza ukajiita mwanafunzi.

Jinsi ya kufanya ni muhimu kuliko ulichochagua. Dakika mbili za sauti zinatosha. Sikiliza bila maandishi. Sikiliza tena ukisoma, ukipigia mstari kila ulichokikosa. Rudia kwa sauti nyuma ya msemaji, ukimwigiza hadi kupumua kwake, hata kama walio karibu watakucheka. Kisha sikiliza tena bila maandishi. Saa nzima ya redio inayounguruma nyuma wakati unafanya kazi nyingine haifikii dakika hizo mbili.

Kuongea: mtu au mashine?

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, mgonjwa wa tatu ana mahali pa kwenda ambapo hakuna wa kumcheka. Unaiambia programu ya akili mnemba ijifanye mhudumu wa hoteli, wewe mgeni ambaye chumba chake hakina maji ya moto, na mnaanza. Haichoki hata saa tisa za usiku. Ukiomba, inakusahihisha kila sentensi.

Kasoro yake ni upole uliozidi. Unaandika sentensi iliyovunjika mgongo, inakuelewa, inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu wa kweli hukunja uso, hukukatiza, hujibu swali ambalo hukuuliza kwa sababu ametafsiri vibaya, na hapo ndipo unapojifunza kitu ambacho hakuna daftari lililowahi kukuonya. Nilikuwa na mwenzangu wa mazungumzo aliyeniambia ana mafua. Nikasema “Sorry”, nikimaanisha pole. Akashangaa: “Why? It's not your fault.” Kiingereza hakina “pole” moja ya kubeba mafua, msiba, mzigo mzito na safari ndefu. Kwa mgonjwa kuna “I hope you feel better soon”, kwa habari mbaya “I'm sorry to hear that”, na kwa aliyechoka kwa kazi mara nyingi hawasemi neno lolote, jambo ambalo hadi leo naliona baridi.

Mengine niliyoyapata kwa watu tu: mtu akikushukuru, jibu ni “You're welcome”, “Welcome” tupu ni ya kumkaribisha aliyefika. “How are you?” mara nyingi hutaka maneno matatu, si taarifa ya familia. Na lile lililonigharimu zaidi, swali la kukanusha. Ukiulizwa “Hujala?” nawe hujala, Kiswahili kinakuruhusu kusema “Ndiyo, sijala”, ukimkubalia muulizaji. Kwa Kiingereza, “Haven't you eaten?” hujibiwa kwa kuufuata ukweli wenyewe: “No, I haven't.” Ukisema “Yes” ukanyamaza, umeshiba kwa mdomo wako mwenyewe na sahani inapita.

Ila si kila mtu ni sawa. Mwenzako mnayejifunza naye anafaa kwa kuondoa hofu, lakini makosa yenu yanafanana na mnayapigilia misumari pamoja. Wa kubadilishana naye, yeye anataka Kiswahili na wewe Kiingereza, ni mpango mzuri kwenye karatasi. Kwa kawaida baada ya wiki tatu maongezi yanahamia lugha ya yule aliye hodari zaidi, kwa hiyo wekeni saa mezani, nusu na nusu, bila huruma. Mwalimu wa kulipwa ni ghali, na wengi hukosea kwa kumtumia kama chanzo cha maneno mapya. Dakika 30 kwa wiki zinatosha endapo utamwambia asifundishe chochote, akusikilize tu na kukuandikia makosa matano. Hayo matano ndiyo kadi zako za wiki.

Nani aanze wapi? Mwenye hofu kali aanze na mashine, lakini kwa sauti, si kwa kuandika, na asipitishe mwezi. Akienda kwa watu abebe vifungu vinne vya kumnusuru: “Sorry, could you say that again?”, “What do you mean by that?”, “How do you say this in English?” na “Let me think.” Hiki cha mwisho kina thamani kuliko maneno mia. Kinajaza ule ukimya unaotufanya tukate simu.

Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Masikio yazoee vyote, mdomo uchague kimoja, na uchague kwa kuangalia utakayeongea naye zaidi. Tofauti nyingi hazina madhara: “flat” na “apartment”, “lift” na “elevator”, “queue” na “line”. Chache zinauma. “Pants” kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni nguo ya ndani. “First floor” kwa Mmarekani ni ile unayoingilia kutoka nje, kwa Mwingereza ni ya juu yake. Na Mwingereza akikuambia mkutane “half five”, anamaanisha saa kumi na moja na nusu.

Ukiwa na nusu saa kwa siku

Neno halikujii: dakika 15 za kadi zenye sentensi, 10 za kusikiliza zilezile sentensi, 5 za kuzisema. Husikii: kadi dakika 5 tu, 25 za kipande kimoja kifupi kwa ule utaratibu wa kurudia. Mdomo hauendi: kadi weka kando kabisa kwa mwezi, kwa sababu zimeshakuwa maficho yako, na nusu saa yote iwe ya kutoa sauti, siku nne kwa mashine na mbili kwa mtu.

Kabla ya kuanza, jirekodi kwa simu dakika moja ukieleza ulivyoamka leo hadi ulipotoka nyumbani. Usiandike kwanza. Baada ya wiki nne jirekodi tena, habari ileile, kisha zisikilize zote mbili ukiwa na kalamu, uweke alama kila uliponyamaza na uandike pembeni sababu: neno, kifungu au woga. Kama alama za woga zimepungua na za neno zimeongezeka, hujarudi nyuma; umehama wodi, na sasa ndipo kadi zitakufaa.